Chuma kwa Kilo, Siri Bure

Kisumu gari halifi, hugawanywa. Springi zake huenda kwa mafundi wa jua kali na kurudi sokoni zikiwa mapanga na patasi. Aluminiamu huyeyushwa ikawa sufuria. Siti ya nyuma huwa kochi la wateja kwenye gereji. Kwa hiyo mtu akikuambia ameuza gari lake skrapu, usimpe pole. Muulize alitoa nini ndani kabla halijaburutwa.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, hakuulizwa. Toyota yake yenye namba ya KAK ilikuwa imelala uani kwake Mamboleo mpaka kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha dereva, na hakuna aliyeona ajabu. Mnunuzi alipofika, mazungumzo yote yalikuwa ya kilo. Shemeji aliutetea uzito wa ile injini kama mzee anayejadili mahari ya binti yake wa kwanza.

Mnunuzi naye alikuwa mtu wa sheria. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka awe na leseni na aweke rekodi ya kila anayemuuzia. Tena Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo nzima kwa miezi kadhaa, baada ya wezi wa vyuma kuhujumu minara ya stima, kwa hiyo huyu wetu hakutaka mchezo. “Mzee, naomba kopi ya kitambulisho.”

Shemeji akafungua kijidroo cha dashibodi na kutoa moja kutoka kwenye rundo. Rundo lenyewe akaliacha pale pale, pamoja na risiti za benki, cheti cha PIN ya KRA, ripoti ya shule ya kitinda mimba na daftari la chama. Gari likaondoka na ukoo mzima ndani.

Jumapili moja tulikuwa Dunga, tunasubiri samaki aina ya ngege akaangwe, mama wa njugu akapita. Nilipomaliza zangu nikakunjua karatasi iliyozifunga. Mwandiko niliujua: wa dada yangu, katibu wa chama. Safu ya kwanza, waliochelewa mkutano. Safu ya pili, waliokopa na hawajalipa. Shemeji alikuwa kwenye zote mbili.

Meza ya pili mzee mmoja alikuwa akitafuna polepole huku akisoma yake kwa makini, miwani imeshuka puani. Shemeji akainuka, akamsalimu kwa heshima zote, akamnunulia njugu nyingine na kuomba ile karatasi. Kisha akamwita yule mama akanunua njugu zote zilizobaki, na haikuwa njaa.

Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na Kamishna wa Data ana ofisi yake Nairobi. Sheria hiyo inamtambua mdhibiti wa data, yaani anayeamua data itumike vipi. Pale Dunga mdhibiti alikuwa amejifunga leso, ana beseni kichwani, na uamuzi wake ulikuwa shilingi kumi kwa kifungu.

Tulidhani yameishia kwenye karatasi. Kumbe redio ilikuwa bado.

Ilikuwa redio ya Kichina yenye kioo kikubwa na bluetooth, kitu pekee kipya katika Toyota ile. Ilinunuliwa na kinyozi wa Kondele, akaitia kwenye sanduku la mbao na kuiunganisha na stima ili wateja wanyolewe kwa muziki wa ohangla. Siku moja akitafuta sauti akagusa alama ya simu, na majina yote ya simu ya shemeji yakapangika kwenye kioo cha redio kwa herufi kubwa: “Fundi Mwongo”. “Karani wa Sako Usishike”. Na lile lililosimamisha mashine kichwani mwa mteja: “Mama Mkwe Akipiga Niko Mkutanoni”.

Mama mkwe huyo ndiye mama yangu mzazi. Na huku kwetu, mama mkwe hachezewi.

Kwa hiyo wewe mwenye gari uani, sikia. Safisha dashibodi, chini ya viti na buti. Kwangua stika ya bima kwenye kioo. Irudishe redio ilivyotoka kiwandani. Namba za gari usimwachie mtu, maana zikifungwa kwenye gari jingine, makosa yake yatakutafuta wewe. Zirudishe NTSA pamoja na logibuku, gari lifutwe kwenye rejista. Ombi lenyewe huanzia eCitizen. Na kopi ya kitambulisho unayompa mnunuzi, ichore mistari miwili katikati na uandike: “ya kuuzia gari tu”, na tarehe. Mama wa njugu ataifungia njugu vilevile, lakini hakuna atakayekopea.

Shemeji sasa hupokea simu kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Haijamsaidia. Kinyozi alimsimulia mteja, mteja akamsimulia mkewe, na mkewe husali kanisa moja na mama. Kila jioni mama humpigia, humjulia hali yeye na wajukuu, halafu humuuliza kwa upole: “Mwanangu, mkutano umeisha?”