Kiti Kipo, Hakipo

Zama hizi zilizojaa maarifa ya kila namna yamezuka mashirika ya ng'ambo ambayo hayana ndege, hayana marubani, hayauzi tikiti wala hayabebi hata mzigo mmoja wa abiria, bali biashara yao yote ni kuuza habari, yaani habari ya kwamba katika ndege fulani, tarehe fulani, vimesalia viti kadha wa kadha vya daraja fulani. Mteja hulipa ada ya mwezi kwa dola, hufunguliwa mlango wa tovuti, huonyeshwa viti hivyo kwa herufi na tarakimu, kisha akivitaka huambiwa aende kwingine akalipe tena. Ni sawasawa na kumpa mtu ujira akachungulie kwa jirani kama pilau imeiva, naye akarudi na kukuarifu kwamba imeiva, tena ina zabibu, halafu akanyoosha mkono apokee chake bila ya kukuletea hata ukoko.

Mimi nilitumbukia humo kwa ajili ya Shangazi yangu, mzaliwa wa Pangani, aliyehamia Oman katika miaka ya 1970, pale Sultan Qaboos alipokwisha kushika utawala na milango ikafunguliwa kwa watu wa pwani yetu wenye nasaba ya huko, na ambaye tangu siku hizo anakaa Seeb, karibu mno na uwanja wa ndege wa Muscat, kiasi cha kuzisikia ndege zikiruka na kutua usiku kucha, jambo lililomfanya aamini kwamba ndege ni nyingi kuliko abiria, na kwamba mtu akisema amekosa nafasi basi hakutafuta. Binti wa ndugu yangu alikuwa akiolewa Ngamiani, na harusi yetu bila ya Shangazi si harusi, ni mkutano tu. Akanipelekea sauti kwa simu: "Mwanangu, nitafutie ndege inifikishe Tanga penyewe, si Dar es Salaam. Basi la saa sita mimi siliwezi tena, na magoti yangu wayajua. Wala usinitafutie tikiti ya ghali. Wewe umesoma, tafuta." Kijana wetu mmoja wa Chumbageni, mwenye elimu ya kompyuta, akanihakikishia kwamba aliyesoma siku hizi hatafuti kwa macho yake, hulipia.

Kulipia kwenyewe kulikuwa mtihani. Fomu ilitaka jina la mtaa, jimbo na msimbo wa posta. Mimi nakaa Barabara ya Kumi na Tatu, katika mitaa ile ambayo waliotupangia mji waliona wepesi kuihesabu kuliko kuipa majina, na fomu ilipoona nimetia hesabu mahali pa jina ikaghadhibika kwa wino mwekundu. Sanduku la posta ikalikataa katakata. Nikaandika barabara kwa maneno marefu, ikaridhika. Lakini penye jimbo palikuwa na orodha isiyokubali kurukwa, iliyoanzia Alabama ikakomea Wyoming, na ndani yake hamna Tanga, hamna Pwani, hamna Kilimanjaro. Nikaligusa lile la kwanza ili nipite. Tangu saa ile kila stakabadhi inijiayo hunisalimu kwa taadhima kuwa mkazi wa Tanga, Alabama, na yule kijana wa Chumbageni, ambaye adabu yake kwa wakubwa ni ya kuombewa dua, akaanza kuniita Mmarekani.

Nilipokwisha kukubaliwa, nikatandaziwa Y9, M9, K4, Q0 na wenziwe, safu kwa safu. Ufafanuzi ulikuwapo, nami niliusoma kwa bidii ya mwanachuoni. Y ni daraja la kawaida kwa nauli kamili, J ni daraja la biashara, F ni la kwanza, na karibu herufi zote zilizosalia ni vijidaraja vya lile lile la kawaida, watu wa viti sawa na kuku yule yule, ila kila mmoja na nauli yake na masharti yake. Tarakimu ni viti vinavyouzika. Lakini hesabu hukomea 9, kwa hiyo 9 yaweza kuwa tisa, na yaweza kuwa mia na ishirini. Kwa insafu, lugha hii ya mafumbo ina udhuru wake, kwani asili yake ni ya kale kuliko kompyuta zetu za mezani. Mwaka 1953, katika ndege itokayo Los Angeles kwenda New York, mabwana wawili waliokaa bega kwa bega walijuliana hali wakagundua kuwa wote wawili ni akina Smith: mmoja C. R. Smith, mkuu wa American Airlines, na wa pili Blair Smith, muuzaji wa IBM. Wakati huo nafasi za ndege ziliandikwa katika kadi, na makarani wakazipekua kwa vidole. Mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa mtambo wa Sabre, ulioanza kazi mwaka 1960. Na mwaka 1987 Air France, Lufthansa, Iberia na SAS wakaanzisha wa kwao, Amadeus. Katika visima vya namna hiyo ndimo wauza habari huchota. Linalonishangaza ni moja tu: ilikuwaje watu wawili waliohitajiana kiasi hicho wakapata viti vya jirani, ilhali mtambo wa kutafuta viti haujavumbuliwa?

Nikaandika "Muscat" upande wa kuondokea na "Tanga" upande wa kufikia. Tovuti ikatafakari kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa chungu, kisha ikaniletea Tangier. Nikafuta, nikaandika tena kwa utulivu, nikaletewa Tangier kwa utulivu ule ule. Sina kinyongo na mji huo. Uko Morocco, na uwanja wake wa ndege umepewa jina la Ibn Battuta, mzaliwa wa huko, ambaye alishuka pwani yetu mwaka 1331 kwa chombo cha tanga, akalala usiku mmoja Mombasa, akaendelea mpaka Kilwa, wala katika habari zake zote hakutaja kwamba alilipa ada ya mwezi. Shangazi nilipompa jibu la awali, aliuliza swali moja tu: "Huko Morocco tuna nani?"

Baadaye nikatambua kwamba alama ya uwanja wetu ni TGT na ya kwao ni TNG, nikaandika TGT kwa herufi kubwa, na hapo ndipo nilipoambiwa kwamba hakuna safari: si siku hiyo, si wiki hiyo, si mwezi huo. Lilinichoma jambo hili, kwani Tanga si mgeni wa ndege. East African Airways, shirika lililoanzishwa mwaka 1946 na kufa mwaka 1977, lilikuwa likitua hapa enzi ambazo wenye tovuti hii hata mababu zao hawajaota kuwauzia watu kuchungulia. Na hata wakati ninaisoma ile "hakuna", kulikuwa na ndege ikinguruma juu ya paa letu, inatoka Pemba.

Basi nikaikata safari vipande, nikauliza Muscat mpaka Unguja peke yake. Kila herufi ikaja na sifuri lake. Kijana wa Chumbageni akanyoosha mkono, akaongeza Mumbai mwanzoni, yaani Mumbai mpaka Muscat mpaka Unguja, na pale pale, katika ndege ile ile, tarehe ile ile, saa ile ile, ikachomoza K4. Nilidhani ni mazingaombwe. Akanieleza kwamba mashirika ya ndege hayapimi kiti, hupima safari nzima, na kiti kilichozuiwa kwa aanziaye njiani huweza kuachiliwa kwa atokaye mbali, ikiwa hisabati yao inaona faida iko huko. Ufafanuzi huu niliuelewa mpaka nilipolazimika kumfafanulia Shangazi.

"Yaani mwanangu, kiti kipo?"

"Kipo, Shangazi."

"Na ndege yapita hapa hapa Muscat?"

"Yapita hapo."

"Na mimi nipo hapa. Lakini nikikitaka sharti niende Bombay kwanza, nirudi?"

Nikasema ndivyo inavyoelekea. Akavuta pumzi. "Na hao wewe unawalipa?"

Nikatega tahadhari katika tovuti ile. Hii ni huduma yao wanayoisifu kuliko zote: unataja ndege na daraja, nao huilinda kwa niaba yako mchana na usiku, na kiti kikifunguka hukupelekea barua pepe. Barua zao zilikuja, sikatai. Zilikuja saa tisa za usiku, wakati mwadhini mwenyewe bado amelala, nami nikakurupuka, nikapapasa miwani, nikafungua, nikakuta kiti kimekwenda. Safari moja niliipata barua ikiwa ya moto, nikiwa macho kwa sababu ya mbu, nikawahi. Ukurasa wao ukasema kipo, ukurasa wa shirika la ndege ukasema hakipo, nikarudi kwao wakasema kipo. Nikawaandikia kulalamika, kwa Kiingereza cha heshima nilichofundishwa na walimu wakali. Wakanijibu kwa upole wa kuudhi kwamba majibu mengine huhifadhiwa kwa muda ili kupunguza gharama, hivyo yaweza kuwa yamepitwa na wakati. Na kwamba wao hawadhamini kuwapo kwa viti, wanachouza ni habari za kuwapo kwavyo, na habari zenyewe pia hawazidhamini. Chini ya barua walinikumbusha kuwa maulizo yangu ya mwezi yamekaribia kwisha. Kumbe kila swali lilikuwa likihesabiwa, hata yale yote ambayo jibu lake lilikuwa Tangier.

Wakati huo Shangazi, ambaye subira yake si ya kupigiwa mfano, alivaa buibui akaenda kwa mtoto wa jirani yake anayefanya kazi katika ofisi ya tikiti, akakaa kitako mbele yake, akakataa kuondoka. Akatoka na tikiti ya Muscat mpaka Unguja. Sikuuliza herufi yake ilikuwa ipi.

Kikabaki kipande cha Unguja mpaka Tanga, kile ambacho kwa mujibu wa tovuti hakipo duniani. Nikaenda kwa bwana mmoja mwenye kiofisi hapa mjini, nikamkuta na daftari la shule lenye mistari, simu mbili, na sahani ya mihogo ya kuchoma. Hakuniuliza daraja wala nauli. Aliuliza: "Msafiri ana kilo ngapi?" Ndege zetu hizi ni ndogo, za injini moja na pangaboi puani, abiria wake ni kiasi cha dazeni, na mmoja wao huweza kukalishwa kando ya rubani, kwa hiyo hupimwa mtu, hupimwa na mzigo wake, na mzigo ruhusa yake ni kilo 15. Hili ni swali la haki kabisa, na katika ukoo wetu hakuna aliyezaliwa wa kumwuliza Shangazi. Tulikaa barazani tukashauriana, kila mtu akamtaja mwenziwe, hatimaye nikaandika ujumbe mrefu wenye shikamoo mwanzoni, dua katikati, na kilo mwishoni. Jibu lilikuja mara: "Mwambie huyo bwana mimi ni mwanamke mtu mzima, akadirie." Nikampelekea. Akaitikia kwa kichwa, akaandika katika daftari, kwa kalamu ya risasi, penye safu ya uzito: mtu mzima. Kisha akasema, "Nafasi ipo, afike uwanjani saa moja asubuhi," akarudia mihogo yake.

Yaliyojiri uwanjani Unguja nayasimulia kama alivyoyasimulia mwenyewe, siku ya kuingia kwake, kabla hata hajavua viatu. Mzigo wake ulizidi, na kilichozidisha ni halwa ya Oman, mabakuli kwa mabakuli, aliyomwandalia bibi harusi. Karani akasema zipungue kilo mbili au zilipiwe. Shangazi hakulipa, wala hakuacha halwa yake mikononi mwa mtu asiyemjua. Alifungua bakuli moja kubwa pale pale kando ya mizani, akawakaribisha abiria wenziwe, ambao walikuwa wamekwisha kupimwa, wakala mpaka wakalamba vidole. Mzigo ukapimwa upya, ukatimia kilo 15, na wote wakapanda. Ndege ikaruka na uzito ule ule, ila sasa umegawanyika vizuri zaidi.

Harusi ilipokwisha nikaenda kujitoa katika ile huduma. Kitufe cha kujiunga kilikuwa kikubwa, cha rangi ya chungwa la Muheza, katikati ya ukurasa. Cha kujitoa nilikipata baada ya kupitia kurasa ambazo sikujua kuwa zipo. Wakaniuliza sababu, wakaniwekea za kuchagua, na hakuna hata moja iliyonihusu, kwa hiyo nikachagua "nyinginezo" nikaanza kuandika: habari ya TGT na TNG, habari ya kiti kinachopitia Mumbai, habari ya kalamu ya risasi. Nilipofika kwenye kilo za Shangazi kisanduku kikakataa kupokea zaidi. Nikatuma hivyo hivyo. Mwezi uliofuata ada ikakatwa kama kawaida, na nilipoandika kuuliza imekuwaje, nikajibiwa kwa upole ule ule kwamba ombi langu limepokewa, lakini kwa wingi wa maombi ya wateja wanaojitoa, mimi nimo katika orodha ya wanaongoja nafasi.