Sifa za Mkwaruzo

Washairi wetu wameusifu mwezi, wameusifu mnazi, na wamesifu nyuso za wanawake ambao hawakuwahi kuwaona. Leo naomba zamu yangu, niusifu mkwaruzo: ule mstari mwembamba juu ya santuri ambao sindano ikiufikia husema "tak", halafu "tak", halafu "tak", mpaka mwenye gramafoni anyanyuke kitini. Hakuna aliyewahi kuutungia hata ubeti mmoja. Wauzaji wa santuri huutaja kwa kunong'ona, na wanaotoa upya nyimbo za zamani huwalipa mafundi waufute. Sisi wa Singida tumeishi nao miaka mingi, tunaijua hadhi yake, na tumenyamaza kupita kiasi.

Nianze na nasaba, maana asiye na ukoo hasifiwi. Mkwaruzo umezaliwa pamoja na santuri yenyewe. Zile sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa gundi inayotokana na mdudu anayeishi juu ya miti ya huko India, ikachanganywa na unga wa mawe. Unga huo uliwekwa kwa makusudi: ulikuwa unaisaga ncha ya sindano ya chuma ili ikae sawasawa ndani ya mfereji. Kwa hiyo mchakacho tunaoulaumu ulilipiwa na kutiwa kiwandani. Mwimbaji Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, mkwaruzo ulikuwa tayari ndani ya sahani ukimsubiri amalize. Kampuni zilishauri sindano ibadilishwe kila upande mmoja unapokwisha. Huo ni ushauri mwema kwa mtu anayeishi jirani na duka la sindano. Huku bara sindano moja ilimaliza harusi nzima, na ikiwa butu ilinolewa ubavuni mwa kiberiti.

Mwaka 1949 Wamarekani wakaleta santuri ndogo ya plastiki, ya mizunguko 45. Ilisifiwa kwamba ikianguka haivunjiki. Ni kweli. Lakini kisichovunjika hutupwa popote: juu ya meza, chini ya kiti, kando ya sufuria. Hapo ukoo wa mkwaruzo ukaongezeka maradufu.

Baada ya nasaba, malezi. Mkwaruzo unaweza kuzaliwa popote, lakini kwa kulelewa vizuri sijui mahali panapoishinda Singida. Kwanza tuna upepo. Upepo wetu ni wa kudumu kiasi kwamba wawekezaji wamekuwa wakija kuupima kwa ajili ya mitambo ya umeme. Kabla hawajafika, ulikuwa umeajiriwa kwenye muziki: kiangazi ulichota vumbi la mashamba ya alizeti yaliyovunwa, ukaongeza na lile la magadi la kando ya maziwa ya Singidani na Kindai, ukaliingiza ndani ya mifereji ya Morogoro Jazz bila kubagua upande A wala upande B. Pili tuna bidii ya usafi. Wapo walioamini kwamba santuri ikipakwa mafuta kidogo ya alizeti itang'aa. Iling'aa kweli, mpaka upepo wa jioni ulipofika.

Tatu, tuna umbali. Hakuna santuri iliyokuwa inatengenezwa Singida. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948, na Tabora walikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro. Bendi zilijiita Jazz zikapiga rumba na cha-cha, na hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio. Sisi tulikuwa katikati, watu wa kupitiwa. Wimbo uliotungwa Morogoro ulikwenda Nairobi kuchapwa kwenye sahani, ukarudi Tanzania, ukapanda lori pamoja na magunia na kuku, ndipo ukatufikia. Wengine waliteremka na santuri zao Itigi au Manyoni kutoka kwenye treni ya reli ya kati, wakamalizia safari kwa gari. Waliotokea upande wa Nzega walipanda Mlima Sekenke, na aliyepanda Sekenke enzi za barabara ya vumbi anajua kwamba pale hata mifupa ya abiria ilikwaruzika.

Kisha historia ikatia mkono. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Njia ya kwenda kwenye viwanda vya Nairobi ikawa imezibwa. Katikati ya kipindi hicho, Januari 1979, mwimbaji Mbaraka Mwinshehe akafariki kwa ajali ya gari huko Kenya. Fikiri hali ya mpenzi wa nyimbo zake aliyekuwa Kiomboi au Ilongero: mwimbaji hayupo tena, santuri mpya ni za kuviziwa, na alizonazo ni tano. Alizipiga hizo tano. Alizipiga Krismasi, Idi, ubatizo na matanga. Mkwaruzo ulinenepa.

Sasa nije kwenye fadhila zake, na ya kwanza ni ukweli. Mtunzi huweka sauti yake kwenye santuri, kampuni huweka lebo yake, lakini msikilizaji huandika wapi? Mkwaruzo ndio saini yake pekee. Ukiona upande mmoja umechakaa na wa pili unang'aa, huna haja ya kuuliza wimbo gani ulipendwa. Kuna wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanaolipa fedha nyingi kwa santuri safi isiyo na alama hata moja. Sijawahi kuwaelewa. Santuri ya muziki wa dansi iliyokaa miaka 50 bila mchubuko ni santuri ambayo hakuna aliyeichezea dansi. Wananunua wimbo uliochukiwa, tena kwa bei ya juu.

Fadhila ya pili ni uzalendo. Wanunuzi wa kigeni na mawakala wao wamepita mikoani wakitafuta santuri za Polydor na Philips za miaka ya 1960 na 1970. Kizuri chajiuza: zile safi zilikwenda. Zilizochubuka zilikataliwa, na kwa hiyo zimebaki nyumbani. Mkwaruzo ulifanya kazi ya afisa wa forodha bila mshahara, bila sare, na bila kuomba chai.

Fadhila ya tatu ni kuimarisha utawala. Santuri iliyokwaruzika huruka, na dawa yake inajulikana: weka sarafu juu ya kichwa cha mkono wa gramafoni ili sindano itulie. Sarafu za Tanzania zilizotoka mwaka 1966 zilikuwa na sura ya Mwalimu Nyerere. Senti 20 yenye mbuni ilitosha kwa mchubuko mdogo. Kwa mkubwa ilihitajika shilingi nzima. Hivyo katika nyumba nyingi Mwalimu mwenyewe alipanda juu ya NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, akasogea nao taratibu, akahakikisha hakuna anayeruka mstari. Sijui chombo kingine kilichompa kiongozi nafasi ya karibu hivyo na wafanyakazi.

Fadhila ya nne, na hii ndiyo kubwa, ni kulinda ubishi. Wapenzi wa zilipendwa hawakutani ili wasikilize. Hukutana ili wabishane, na wimbo ni kisingizio. Gitaa likianza, mmoja anasema hiyo ni Western Jazz, mtindo wao wa Saboso haujifichi, na anayepiga solo ni Rashid Hanzuruni. Wa pili anaapa ni Tabora Jazz na Segere Matata yao. Wa tatu, aliyewahi kukaa Dar es Salaam miezi miwili na hajaacha kuitaja, anasema wote hawajui, hiyo ni Urafiki na Mchakamchaka. Lebo imechunika, haisomeki. Kimebaki kitu kimoja: kiitikio cha mwisho, ambapo mwimbaji huwataja wapigaji kwa majina. Wote wananyamaza. Mwimbaji anavuta pumzi, anafungua kinywa, na "tak": sindano imeruka mistari minne, tumeshafika kwenye tarumbeta. Ubishi umeokolewa, na Jumamosi ijayo kikao kipo palepale.

Linganisheni na hasara iletwayo na matoleo mapya. Sikatai kwamba yametusaidia. John Storm Roberts, Mwingereza aliyewahi kuishi Kenya, alitoa The Tanzania Sound mwaka 1987 kupitia kampuni yake ya Original Music. Dizim ya Ujerumani ikatoa Ngoma Iko Huku ya Salum Abdallah na Masimango ya Mbaraka. Ufaransa, Buda Musique wakaleta mfululizo wa Zanzibara. Bila wao, nyimbo nyingi zingekwisha pamoja na panya waliozila. Lakini matoleo hayo huja na kijitabu, na kijitabu hutaja bendi, mwaka na majina ya wapigaji. Kilipofika kwetu, mabishano ya miaka mingi yalikwisha kwa dakika moja. Watu walikaa wakatazamana kama wafiwa. Bahati njema mzee mmoja akakohoa, akasema, "Na hiki kijitabu nani kakiandika? Alikuwepo?" Tukapumua. Siku hizi tunabishana na kijitabu.

Baada ya kijitabu ikaja sauti yenyewe. Kijana alimletea babu yake wimbo uliosafishwa, ndani ya simu, akauweka mezani kwa heshima zote.

"Hapa pamekatwa," babu akasema.

"Hakuna kilichokatwa, babu. Ndiyo wimbo mzima."

"Mzima gani, mjukuu wangu? Tak yake iko wapi?"

Mzee huyu hakuwa amechanganyikiwa. Mkwaruzo wake ulikuwa ubeti wa pili, kabla ya neno la tatu, na miguu yake ilishajifunza kusita pale. Kijiji kizima kilicheza wimbo ule kwa kusita pale. Sasa wanampa wimbo usiosita, na wanamtaka ashukuru.

Wapinzani wa mkwaruzo watasema kwamba kompyuta inauondoa bila kuugusa muziki. Na iseme yenyewe. Programu za kusafisha hutafuta milio mifupi na mchakacho wa juu, kisha huipunguza. Kwa piano ya chumbani, heri. Lakini muziki wetu wa dansi una kayamba, na kayamba ni nini kama si mchakacho wa juu unaokwenda na mdundo? Fundi akizidisha mkono kidogo, mkwaruzo unaondoka na mpiga kayamba anaondoka naye, pamoja na upatu wa ngoma na ile pumzi ya mpuliza saksafoni kabla hajaanza. Wenzetu wapenzi wa jazz ya Marekani wamepigana vita hivyo zamani. Miaka ya 1980 Robert Parker wa Australia alizisafisha rekodi za miaka ya 1920 na 1930, akazitandaza ziwe stereo. Wako waliomshangilia, na wako waliosema amewavalisha marehemu suti wasiyoijua. Ubishi huo haujaisha. Mnaona wenyewe: hata ukifutwa, mkwaruzo bado unawalisha watu maneno.

Nao watasema kwamba santuri kamilifu, isiyo na dosari, ndiyo ndoto ya kila mkusanyaji. Ipo moja ninayoifahamu. Buddy Bolden, mpiga koneti wa New Orleans anayetajwa kuwa miongoni mwa waanzilishi wa jazz, inasemekana alirekodi silinda ya nta kabla ya mwaka 1900. Imetafutwa kwa miongo mingi. Haina mkwaruzo hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyewahi kuipata. Anayetaka muziki usiochubuka na amsikilize Bolden. Sisi wengine tutaendelea na Mbaraka, ambaye anachakacha lakini yupo.

Msomaji wangu, mtaka cha uvunguni sharti ainame, na uvunguni ndiko santuri nyingi za Singida ziliko hivi leo, chini ya magunia na viatu vya marehemu. Inama. Zitoe, uzipanguse kwa kitambaa laini kikavu, uziweke wima na si kwa kulundikana, na uyaache mafuta ya alizeti jikoni. Halafu muulize mzee wa nyumba: nani alinunua, wapi, na ilipigwa kwenye sherehe ya nani. Andika majibu kwenye karatasi uiweke ndani ya jalada, kwa maana hayo hakuna kampuni ya Ulaya inayoweza kuyatoa upya. Asikudanganye mtu kwamba iliyochubuka haina thamani. Iliyochubuka inasikika. Isiyosikika ni ile iliyotupwa jalalani.