Kuuzunguka Mlima kwa Pesa Zisizoisha: Taarifa kutoka Minnesota

Safari ya ndoto ya Mmeru au Mwembu aishiye Marekani haipiti Marekani. Wenyeji wa huko wana Route 66, barabara iliyoanzishwa mwaka 1926 kutoka Chicago hadi Santa Monica, karibu kilomita 3,900, na wengi wao hutamani kuimaliza yote kabla hawajafa. Mkenya wa Minnesota akiulizwa angekwenda wapi lau angekuwa na pesa zisizoisha na likizo isiyo na siku ya kurudi, huchora ramani nyingine: Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu, Meru, Timau, Nanyuki, Karatina, Kerugoya, kisha Embu tena. Ni mzunguko wa Mlima Kenya, kilomita 300 na ushei, ambao mtu mwenye haraka huumaliza kwa siku moja, na dereva wa miraa kwa muda ambao polisi hawapaswi kuujua. Jamaa walio nyumbani, ambao hupita huko kwa matatu wakienda mazishini, wasishangae. Mpango huu hutungwa usiku wa theluji, zamu ya kutunza wazee ikiwa imetulia, na hutungwa kwa makini kuliko bajeti ya kaunti.

Jambo la kwanza ni gari. Mwenye ndoto huanza na pikapu la Ford la huko huko, akitaka lipakiwe melini hadi Mombasa. Sheria ya Kenya humkata kauli mapema: gari la kawaida lenye usukani wa kushoto haliruhusiwi kuingizwa nchini, na lililozidi miaka 8 halipokelewi hata usukani ukiwa mahali pake. Hapo pesa zisizoisha hazisaidii kitu. Basi hununuliwa Land Cruiser mpya Nairobi, na suala la usukani hugeuka kuwa suala la mwelekeo. Anayetoka Embu kupitia Meru huwa na mlima kushoto kwake njia nzima. Dereva wa Kenya hukaa kulia. Kwa hiyo vilele ni mali ya abiria wa mbele, naye kwa desturi ni mjomba mkubwa, ambaye husinzia kuanzia Runyenjes. Aliyelipia gari hubakiwa na mabonde yanayoteremka Tharaka. Kuzunguka kinyume humpa dereva mlima, lakini basi mjomba huamka na kuanza kuomba kwa sauti.

Hata hivyo mlima wenyewe hauonekani kwa kulipia. Batian, kilele cha mita 5,199, hujitokeza alfajiri na kufunikwa na mawingu kabla ya saa nne. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuaminika zaidi. Walio ughaibuni huja Desemba, mvua za vuli zikiwa bado hazijaaga sawasawa, kwa kuwa ndipo waajiri wanapowaachia. Muda usio na kikomo hufaa hapo kuliko mahali pengine popote katika mpango huu.

Barabara ya mashariki, ya Embu hadi Meru, ndiyo roho ya safari. Hupanda na kushuka kuvuka mito itokayo mlimani, Thuci, Nithi na Mutonga, kati ya chai iliyo juu na kahawa iliyo chini yake. Kahawa hiyo ina historia: Meru, Embu na Kisii ndiko Waafrika wa koloni walikoruhusiwa kwanza kuilima, miaka ya 1930. Daraja la Nithi halina utani. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Mpango wenye akili hupita hapo mchana, kwa gia ndogo. Mbele kidogo kuna njia ya Chogoria, penye hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Kiskoti mwaka 1922, na barabara ya udongo ipandayo hadi lango la mbuga ya mlima. Mvua ikinyesha, Land Cruiser hujua thamani ya trekta.

Sehemu hii pia ndiyo inayokula pesa na muda, kwa sababu kila kituo ni nyumba ya mtu. Hakuna anayesimama Igoji akanywa maji tu. Kuna chai ya maziwa, kuna mukimo, kuna kuku ambaye tangu asubuhi alikuwa na wasiwasi. Habari za mgeni mwenye pesa huenda mbio kumshinda: akionekana Igoji, Nkubu huwa wamekwisha kuunda kamati ya harambee kabla hajafika Kanyakine.

Mji wa Meru upo kaskazini kidogo tu ya ikweta. Kuelekea Maua, nje kidogo ya mzunguko, mpango huweka Nchiru, makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee la Wameru, ambalo haliulizwi litamaliza kikao saa ngapi. Kisha ni Igembe na miraa, na hapo mwenye ndoto hukutana na ukuta. Miraa hufungwa kwa majani ya mgomba ili isikauke, na hupoteza nguvu kwa muda wa kama siku mbili. Ndiyo sababu Probox na pikapu zake hukimbia taa zikiwaka mchana kweupe. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013, Uingereza Juni 2014, na Marekani kiini chake kimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa kabisa. Mwenye pesa zisizoisha aweza kununua mashamba ya miraa kutoka Maua hadi Laare. Kurudi na bunda moja Minneapolis hawezi. Wambeere wa Embu huwahurumia Wameru kwa hilo, hadi wakumbuke muguka wao, jamaa ya miraa, na amri ya Mombasa ya Mei 2024 ya kuupiga marufuku.

Ng'ambo ya Maua kuna Mbuga ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966, lilipo kaburi la Elsa, simba wa akina Adamson aliyekufa mwaka 1961. Huenda ndiye mkazi wa eneo hilo ajulikanaye zaidi Marekani.

Timau hadi Nanyuki ni ngano, viazi na maua ya kuuzwa Ulaya. Nanyuki ikweta huvukwa mara ya pili, na vijana wa hapo humwonyesha mgeni maji yakizunguka upande huu kaskazini na upande ule kusini. Sayansi yasema hatua chache haziwezi kufanya hivyo, na kwamba siri iko katika namna ya kumimina. Mgeni hulipia cheti hata hivyo. Kutoka hapo Karatina na Kerugoya hupitwa upesi, maana huko ndugu ni wachache. Mwenye muda huongeza mabwawa ya Mto Tana, kusini mwa Embu: Masinga la mwaka 1981, lililo kubwa kuliko yote, na Gitaru, lenye mitambo ya umeme yenye nguvu kuliko mengine.

Limebaki fungu la gari baada ya safari. Minnesota haliendi. Upande wa baba, Runyenjes, wameliandalia banda. Upande wa mama, Nkubu, wamemtafutia mjomba leseni. Safari yenyewe bado haina tarehe.