Sponji, Chai na Ukuta

Mweka hazina wa chama alikuwa bado anapuliza chai yake ukuta wangu ulipomdondokea kikombeni. Si wote, kipande tu cha upana wa kiganja: upande mmoja rangi ya pichi, upande wa pili udongo mtupu. Alikitoa kwa kijiko, akakigeuza huku na huku, akaniuliza, "Dadangu, hii ndiyo skonzi?" Kicheko kilifika hadi kwenye bomba la maji. Tangu hapo nikipita sokoni naulizwa kama kuna skonzi zilizobaki.

Ile pichi ilikuwa masalio ya kazi ya Kileleshwa. Fundi wa rangi wa Kawangware ndiye aliyeniletea, pamoja na mafunzo: unapaka rangi ya kwanza na kuiacha ikauke, unalainisha ya pili kwa maji, unachovya sponji, unaikamua karibu yote, kisha unagonga ukuta taratibu huku ukizungusha kiwiko ili alama zisifanane. Kweli inapendeza. Usiku ule, chini ya balbu, nilijiona niko Runda.

Sasa sikia ukuta ulivyofikiri. Rangi ya maji ina chembechembe za plastiki zinazoelea ndani yake. Maji yakitoka, chembe zinabanana, zinashikana, zinakuwa ngozi moja. Juu ya simenti, ngozi hiyo inatulia. Lakini nyumba zetu za mtaa wa Silanga ni fito na udongo, tena huku chini karibu na bwawa la Nairobi unyevu hauishi. Udongo wa mfinyanzi umepangika kama kurasa za kitabu. Maji yanajipenyeza kati ya kurasa, udongo unafura. Ukikauka, unanywea. Wakati huohuo rangi iliyo juu nayo inajikaza na kuvuta. Ni lazima mmoja aachie, na anayeachia ni udongo, maana ndiye mnyonge. Ndiyo sababu rangi haibanduki peke yake, inaondoka na ngozi ya nyumba.

Wazee wa Lamu walilijua jambo hili. Zile nyumba za karne ya 18, zenye vidaka na nakshi ukutani, zilipakwa lipu ya chokaa. Unachoma mawe ya matumbawe mpaka yatoe kaboni dioksaidi, unayamwagia maji, unapaka; kisha chokaa inavuta hewa ileile polepole na kurudi kuwa jiwe. Jiwe linauawa tanuruni na kufufukia ukutani! Na unyevu unapita bila ugomvi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nyufa ni biashara. Kuna matajiri wanaolipa fundi apake gundi katikati ya rangi mbili, makusudi, ili ya juu ipasuke na sebule ionekane ya kale. Mimi nimezipata bure na hakuna aliyenisifu.

Jirani wa nyuma, ambaye ukuta wake ndio huohuo wangu, alikuja na sahani zilizoanguka nilipokuwa nikigonga.

Paka alikanyaga rangi, na nyayo zake sakafuni ndiyo pichi pekee iliyoshika.

Halafu akaja mwenye nyumba kuchukua kodi. Alichungulia, akasema nyumba imekuwa ya kisasa, kwa hiyo kuanzia mwezi ujao niongeze shilingi 500. Huyu ndiye niliyemwomba ruhusa ya kupiga lipu ya simenti, akanijibu kwamba simenti ni nyumba ya kudumu na hataki maneno na chifu. Ardhi ni ya serikali, hatimiliki hana, kwenye mabati yake mvua inaingia, na yeye halali hapa. Rangi ni yangu, kiwiko kinachouma ni changu, kodi mpya ni ya nani?

Nikamwambia basi naikwangua yote leo hii. Akafunga daftari lake, akaniambia nikikwangua nitalipia uharibifu.