Mwongozaji ni Konda

Wapenzi wa filamu wa Same hubishana mpaka chai ya tangawizi ya Mamba Myamba inapoa: mwongozaji Amil Shivji ni fundi, au anapenda mno ukimya? *Vuta N'Kuvute* yake ilifika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, na Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar. Wabishi wengi hawajaiona; msimamo wanao.

Ila mwongozaji anayewagawa kwelikweli ni konda wa basi la kutoka Dar kwenda Moshi. Basi likifika Mombo, anaweka filamu. Hedaru, bibi harusi anatekwa. Makanya, shujaa anakoki bunduki. Halafu: "Wa Same, shukeni!" Abiria wa kwenda Gonja anabaki stendi na begi, macho bado dirishani. Mwisho wa filamu wanaujua watu wa Moshi. Ndiyo maana wanajiona.