Jinsi ya Kupendwa na Mtoto Mchanga bila Kujichosha

Ndugu yangu wa Kikula, unarudi jioni kutoka kiwandani Shituru au mgodini, mgongo unauma, na una haja moja tu: mtoto akikuona mlangoni arushe mikono, na mama mkwe ashuhudie. Haki yako. Njia za mkato zipo, na zinafanya kazi.

1. Usinunue kitu. Midoli ya sokoni iache huko huko. Mtoto wa wiki chache huona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, yaani pale pale uso wako unapokuwa ukimpakata. Uso unao tayari, na ni wa bure. Nawa kwanza vumbi la kazini, kisha mpe.

2. Mwache aanze yeye. Hapa uvivu unalipa. Mtazame, nyamaza. Atatoa ulimi kidogo, au atasema "aguu". Mwige, halafu nyamaza tena. Ataduwaa, miguu itapiga kitenge, kisha atajibu. Hayo ndiyo mazungumzo yenu ya kwanza, na hukuhitaji kutafuta la kusema.

3. Ficha simu kwa dakika kumi. Katika miaka ya 1970, mtafiti Edward Tronick wa Marekani aliwaomba akina mama wawatazame watoto wao kwa uso mkavu, bila kujibu lolote, kwa muda mfupi tu. Watoto walitabasamu, wakajitahidi kumwamsha mama, wakashindwa, wakageuza macho pembeni. Uso mkavu huo ndio unaoufanya ukisoma ujumbe. Kama umeme umerudi, simu iweke kwenye chaji, mbali.

4. Kosea bila hofu. Utadhani ana njaa, kumbe ana usingizi. Utamchezesha, kumbe anataka utulivu. Tronick huyo huyo aliona kwamba hata mama na mtoto wanaopatana vizuri hupishana muda mwingi. Kinachojenga ni kurudiana. Umekosea? Jaribu lingine. Hakuna anayekudai ukamilifu.

5. Gawa kazi. Nkambo yupo, tantine yupo, dada mkubwa yupo: wape mtoto, ule bukari yako kwa amani. Katika miaka ya 1980, watafiti waliokaa na Waefe wa msitu wa Ituri, humu humu Kongo, waliona kwamba mtoto wa miezi minne alikuwa akikaa zaidi ya nusu ya muda wake mikononi mwa watu wengine. Mama hakupotea moyoni mwake. Kwa hiyo usione wivu, moyo wa mtoto una nafasi ya watu kadhaa. Ila wawe wale wale anaowazoea, asikabidhiwe mgeni mpya kila wiki.

6. Jisifu, lakini kwa mambo madogo. Mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth alianza kutembelea familia 26 karibu na Kampala. Watoto waliotulia zaidi walikuwa hasa wa akina mama walioweza kueleza habari za watoto wao kwa kina. Basi kaa na wenzako, utambe: analalia bega gani, kilio cha njaa kinaanzaje, sauti ya nani inamnyamazisha. Ukisema tu "mtoto wangu mzuri", hujasema kitu. Ukitaka habari za kutambia, itabidi umtazame, na kumtazama ndiyo kazi yenyewe.

7. Akilia, nenda. Watakuambia unamdekeza. Mtoto wa miezi mitatu hajui hila; analia kwa sababu anahitaji mtu. Mbebe mbele ya wanaume wenzako, kifua mbele.

Subiri sasa. Akifikia miezi minane hivi, mgeni atamchukua, naye atalia na kukunyooshea mikono wewe. Mama mkwe ataona, mtaa utaona.

Na usiseme huna muda. Mwaka 1964 watafiti Schaffer na Emerson walieleza habari za watoto wa Glasgow: baadhi yao walishikamana na mtu ambaye si yeye aliyewalisha wala kuwaogesha, bali aliyewaitikia upesi na kucheza nao. Dakika chache za kumwitikia kweli zinashinda siku nzima ya kukaa karibu naye kama gogo. Leo jioni, akisema "aguu", mwitikie.