Kikapu Kisichoisha

Kule kwetu, kuanzia Rongo hadi Mbita, mtu anaweza kumaliza mkate mzima wa gramu 400, akauteremsha kwa chai ya maziwa, na ukimwuliza kama amekula akakujibu kwamba bado. Hadanganyi. Mkate ni kitu cha kutafuna ugali ukisongwa. Homa Bay, iliko Mbita, ni kaunti nambari 43 na Migori, iliko Rongo, nambari 44, na majirani hawa huvutana kwa mengi, ila si kwa hili: chakula ni kuon, yaani ugali, vingine vyote ni porojo. Chapati pekee ndiyo yenye kibali maalumu, nacho hutumika Krismasi na siku ya kupokea wakwe.

Mahindi yenyewe, tunayoyatetea kana kwamba yaliletwa na Ramogi, babu wa Waluo, asili yake ni Mexico. Kabla hayajafika, babu zetu walisonga mtama na wimbi. Lakini jaribu kumweleza hayo mtu wa Oyugis mwenye njaa.

Sasa mchukue mtu aliyelelewa katika imani hiyo, umtupe Berlin. Mkate asubuhi, mkate jioni, tena ule mweusi wa Wajerumani ambao ungefaa kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Nilikuwa nimeshakosana na ngano kabisa jamaa yangu wa Mbita aliponipigia simu. Sisi humwita Ja-Mbita.

"Omera, njoo Sonnenallee upesi. Kuna watu huku wanakula kwa mkono na hakuna anayewakodolea macho!"

Sonnenallee ni barabara ndefu ya mtaa wa Neukölln. Wapalestina na Walebanoni walikuwapo kitambo. Kisha vita vilivyoanza Siria mwaka 2011 vikawasukuma Wasiria hadi Ujerumani, na walipoingia kwa wingi mwaka 2015, baadhi yao walifungua mikahawa papo hapo. Ja-Mbita alikuwa amesimama nje ya mmojawapo, pua imegandishwa kwenye kioo.

Ndani palikuwa na tanuri la udongo, tumbo kubwa, mdomo wazi, moto chini. Mwokaji alikuwa akilirusha donge kutoka kiganja hadi kiganja mpaka likawa jembamba kama leso, akalitandaza juu ya mto wa kitambaa, kisha akaingiza mkono mzima tanurini na kulibamiza ukutani. Pa! Punde si punde likavimba malengelenge yenye madoa meusi, akalibandua kwa koleo. Ja-Mbita amekulia ufuoni, kwenye majiko ya kukaushia samaki wa mbuta, kwa hiyo hujihesabu mtaalamu wa moto wowote. Alitikisa kichwa. "Huyu bwana hana nywele mkononi," alisema, na hiyo kwake ni sifa.

Watu wa Lamu wangetushangaa kwa kushangaa, maana mkate wao wa mofa huokwa hivyo hivyo, ukibandikwa kwenye ukuta wa tanuri, tena kwa unga wa mtama. Sisi wa ziwani mtama tunaujua kwa kuon, kwa uji, na kwa kinywaji kimoja kisichotajwa mbele ya wazee wa kanisa.

Tuliagiza kebabu za kondoo na biringanya iliyopondwa. Kabla ya chochote, kikaja kikapu cha mikate ya moto, imefunikwa kitambaa. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Ja-Mbita alikuwa ameshaumwa na mji huu, mahali ambapo hata maji ya kunywa mezani hulipiwa, akaanza kunong'ona hesabu za yuro kwa kila mkate. Lakini wote wawili tulilelewa na mama waliotufundisha kwamba kuacha chakula cha watu ni kumtukana mwenye nyumba. Tukala yote kwa heshima. Mhudumu, kijana Msiria wa Halab, akaona kikapu kitupu, akaingiwa na huruma, akaleta kingine.

Tukatazamana. Tukala.

Akaleta kingine. Kwao kikapu kitupu mbele ya mgeni ni aibu ya mwenyeji. Kwetu kikapu kilichobaki na kitu ni aibu ya mgeni. Hakuna aliyekuwa tayari kuaibika. Kebabu zilipofika, Ja-Mbita alikuwa amelegeza mshipi na jasho linamtoka, katikati ya baridi. "Mwambie asilete tena," alinisihi. Nikamwambia kwa Kijerumani changu cha kuunga kwa gundi. Kijana naye alikuwa na Kijerumani cha gundi hiyo hiyo, akatabasamu, akarudi na mikate iliyotoka tanurini dakika ile.

Bili ilipokuja, Ja-Mbita aliisoma kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu. Kebabu zipo. Biringanya ipo. Chai ipo. Mkate haukuandikwa popote. Huja na chakula, bure, kadiri unavyoweza. Nilidhani atafurahi. Akakasirika. "Kumbe nimekula kwa hofu bure!" Akaketi tena na kukivuta kikapu cha mwisho, sasa akila kwa amani, kwa kulipiza kisasi.

Siku tuliyorudi pale mkahawani, Ja-Mbita alikuja na mkebe wa omena walioletwa kutoka nyumbani, wamekaangwa kwa kitunguu na nyanya, akamkabidhi mwokaji juu ya kaunta. Akamhadithia jinsi wanavyovuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazoelea majini, hadi ziwa likaonekana kama mji. Mwokaji alisikiliza mpaka mwisho, akachukua mkate wa moto, akajaza omena, akakunja, akauma, akatafuna polepole kwa macho yaliyofumbwa.

"Wazuri," alisema. "Lakini wamekosa ndimu."

Mbita hakuna mtu angethubutu. Ja-Mbita alinyamaza hadi kituo cha treni, kisha akaniuliza kama ninajua duka la karibu linalouza ndimu.